Tuzo ya Bi Bilkis Haikatiwi Tiketi

Bilkis binti Anwarali bin Mikail, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Babu yake Mikail alikuwa akifungua vinanda vya watu vilivyokufa sauti, akavifunga tena bila msumari kubaki mezani. Baba yake Anwarali aliambiwa na wazee wa jamaa auze vitambaa kama wenzake wenye akili, naye akaendelea kuuza nyuzi za fidla mpaka duka likamwishia mikononi. Na yeye mwenyewe Bilkis ndiye aliyepiga kodiani, kile kinanda cha mvukuto, harusini akiwa na mimba ya miezi saba, kodiani imepanda juu ya tumbo, wanawake wakicheka huku wakimtuza. Aliyeuliza kama haoni haya alijibiwa kwamba haya aliiacha nyumbani inalinda mlango.

Huyo ndiye aliyekuja kukaa Brampton, Kanada, kwenye besmenti ya watu, chumba cha chini ya nyumba, akawa mpakiaji katika kiwanda cha biskuti. Siku tano za wiki alikuwa namba kwenye kadi ya kugonga saa. Jumamosi na Jumapili alikuwa Bi Bilkis, na gari likija kumchukua lilikuwa likingoja.

Watu humwona mwanamuziki anayesafiri akiwa amevaa vya kumetameta, wakadhani na mfukoni kunametameta. Hawajui. Mwaka 2009, wiki moja ya Agosti, Bi Bilkis na kikundi chake waliomba likizo kazini, likizo isiyo na mshahara, wakakodi gari wakaenda kupiga taarabu kwenye harusi na sherehe za watu wa pwani. Walikuwa watano: yeye kwenye sauti na kodiani, Crispus wa ngoma ya dumbaki, kijana wa Mombasa aliyekuwa akibeba maboksi ghalani; Zahira, binti wa kaka yake Bi Bilkis, kwenye fidla na usukani; na ndugu wawili wa kinanda na gitaa la besi. Ujira wa Ottawa ulikwenda kwenye gari na bima yake. Wa Montreal ukaliwa na petroli na moteli, vyumba viwili, wanawake kimoja, wanaume kimoja, na kodiani imelazwa katikati ya kitanda kama bibi harusi. Windsor, mwenye sherehe alilipa nusu, nusu ya pili akatoa ahadi, na ahadi haijazi tangi. Chakula chao kilikuwa chapati za Bi Bilkis na chai ya chupa, kwa kuwa sahani moja ya mkahawani pale njiani ilitaka kula kazi ya saa nzima.

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa Pickering, Jumapili alasiri, harusi ya mwisho. Ujira wa Pickering ulikuwa umekwisha kuwekwa upande kwa kurudisha gari. Mtu kwenda nyumbani na kitu mkononi, hiyo ilikuwa kazi ya tuzo. Ndivyo ilivyo tangu zamani: ujira hulipa barabara, tuzo hulipa nyumba. Crispus alikuwa na kodi ya mwezi iliyomngoja mlangoni, na hakuna aliyejifanya hajui.

Walipofika ukumbini walimkuta Nazir. Nazir ndiye aliyekuwa akipanga harusi zote za watu wa kwetu kutoka Pickering mpaka Brampton: kumbi, viti, wapishi, wapigaji. Ukigombana naye, Jumamosi zako zinakuwa ndefu. Mlangoni alikuwa ameweka meza, na juu ya meza marobota ya tiketi nyekundu.

"Hizi za nini?" Bi Bilkis akauliza.

"Za tuzo, Bi Bilkis. Mgeni ananunua hapa, tiketi moja dola tano. Akitaka kutuza anakuja mbele, anatia kikapuni. Mwisho wa sherehe nahesabu, natoa gharama, zinazobaki nakuandikia hundi."

"Gharama za nani?"

"Za ukumbi. Mwaka jana watu walimwaga pesa sakafuni hapa, watoto wakazipigania, mtu akavunjika meno. Mwenye ukumbi ameniambia pesa taslimu asizione tena. Mimi nifanyeje?"

Kusema kweli Nazir hakuzua, meno yalivunjika. Bi Bilkis alilijua hilo, akaliweka upande.

"Gharama hizo ni kiasi gani?"

"Nusu."

Crispus, aliyekuwa akishusha dumbaki, alisimama nayo kifuani. "Bro, nusu? Na hundi yenyewe lini?"

"Mwezi ujao, mambo yakikaa sawa."

"Mwenye nyumba wangu hajui kukaa sawa, huyo anajua tarehe moja tu."

Bi Bilkis alimtazama Nazir. Alimjua tangu hajaota ndevu. "Nazir, mbona simuni hukunitajia haya?"

"Hukuuliza, dada. Ulitaja bei, nikakubali."

Na hapo Nazir alikuwa amempata. Bi Bilkis hakuuliza. Nani wa pwani anayeuliza tuzo ni ya nani? Ni kama kumwuliza mwenye nyumba kama pumzi utakayovuta ndani ni yako. Miaka yote ile alipatana bei kwa simu, akauliza viti na chakula cha wapigaji, lakini neno la tuzo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Kosa hilo mgeni wa taarabu asingelifanya. Linamtaka mtu aliyelelewa ndani yake.

"Mcheza kwao hutuzwa, Bi Bilkis," Nazir akasema, akitabasamu, "na hapa, tusidanganyane, si kwetu. Huku kila dola ina mahali pa kupita."

"Penye anayenituza ndipo kwetu," akajibu. "Mama yako alinituza harusini kwa dada yako. Alikuja akicheza, akanitia shilingi mkononi, akageuka akamtazama wifi yake usoni. Wifi akajua fumbo la wimbo ni lake. Tiketi yako itamtazama nani?"

Nazir akapanga marobota yake sawa. Halafu akasema polepole kwamba anayekataa utaratibu anaweza kurudi garini, na mwakani asingoje simu yake.

Wengine wangekubali tiketi wakaimba. Alijua vikundi viwili vya huku huku ambavyo vingekubali. Zahira naye alimvuta pembeni akamwambia kwa Kiingereza kwamba nusu ni bora kuliko patupu. Bi Bilkis akamwambia kwa Kiswahili aende akakaze nyuzi zake.

Walipanda jukwaani. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri, wa kukaribisha maharusi, usio na tuzo. Wimbo wa pili ulipoanza, mama mmoja mnene mwenye nguo ya kijani, shangazi wa bwana harusi, akainuka na tiketi zake tatu, mabega yakitangulia. Bi Bilkis akafunga kodiani. Dumbaki ikakatika.

"Mama," akasema kwenye kipaza sauti, "cheza, karibu mpaka hapa. Lakini hiyo karatasi mrudishie aliyekuuzia. Mimi sichukui tuzo yenye mkato. Ukiwa nayo ya mkono wako, nitie mkononi mwangu. Ukiwa huna, nipe shikamoo, inatosha, nitakuimbia vilevile."

Ukumbini shingo zikanyooka, watu wakitaka kusikia zaidi. Kisha umeme wa jukwaa ukazimwa. Kinanda kikafa, besi ikafa, kipaza sauti kikawa rungu. Aliyezima, kila mtu alimwona: Nazir, akitoka chumba cha swichi akijifuta mikono.

Kodiani haina waya. Mzee Mikail hakuwahi kutengeneza kitu chenye waya. Bi Bilkis alishuka jukwaani, akakaa kwenye kiti cha wageni katikati ya sakafu, Crispus akapiga magoti pembeni yake na dumbaki, Zahira akasimama nyuma na fidla, na wimbo ukaanzia pale ulipokatwa. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa wiki nzima, ina ukwaruzo. Watu wakasogeza viti. Shangazi wa kijani akarudi mezani kwake, akafungua mkoba, akarudi akicheza na noti. Akamtia Bi Bilkis mkononi, akageuka akamtazama Nazir usoni. Wakacheka mpaka wapishi wakatoka jikoni. Nyuma yake foleni ikaundika yenyewe, noti kwa mkono, na hakuna iliyogusa sakafu.

Mwenye ukumbi alikuja, akasimama, akaona hakuna watoto wanaopigana, akaondoka.

Kabla jua halijazama waligawana kwenye maegesho, kila mtu akiona, mafungu sawa. Crispus akachagua kwanza, kwa kuwa mpiga ngoma hatuzwi, huonwa mgongo tu. Alihesabu lake, akacheka peke yake. "Mama, kodi imo. Na viatu vimo."

"Viatu subiri. Mpigie mwenye nyumba."

Sasa asije mtu akadhani Nazir alitubu. Hakutubu, na ujira wa siku ile alikata robo, akasema ni fidia ya usumbufu. Simu yake haikulia tena kwa Bi Bilkis, na kumbi alizozishika zilimfungia milango miaka mitatu. Ndugu wa kinanda na besi wakahamia kikundi kingine kinachopokea tiketi, na Bi Bilkis hakuwalaumu, wana watoto. Akapakia biskuti na Jumamosi pia. Alipoulizwa msikitini kama hajutii, alisema anayejuta ni aliyeuza, yeye hakuuza kitu. Harusi zilizomtafuta zilikuwa ndogo, za majumbani na vyumba vya chini vya maghorofa, na kila moja aliianza, kabla ya bei, na swali lilelile ambalo hakuliuliza Pickering. Waliokasirika aliwaacha na hasira zao. Waliobaki walimlipa mkononi.

Mwaka 2016 magoti yake yalikataa ngazi za besmenti. Siku moja wakapiga simu watu wa Unionville, jamaa wa bibi mmoja, Bi Roshanara, wanamwoza binti yao, wanataka taarabu ya kweli. Zahira, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi, akachukua simu yake aandike ujumbe wa bei.

"Weka hiyo," Bi Bilkis akasema kitandani.

"Shangazi, siku hizi watu wanaandikiana tu."

"Wao waandikiane. Wewe utakwenda. Leo hii, kabla ya magharibi. Utakaa kwenye kochi lao, utakunywa chai yao, hata ikiwa na sukari ya kukatika meno. Bei watakutajia wao wenyewe, usiijibu. Utamwuliza Bi Roshanara kwa Kiswahili, akutazame: tuzo ya siku hiyo ni ya nani? Akisema ya wapigaji, basi tajeni bei. Akisema tutaona, shukuru chai, vaa viatu."

"Na wakikasirika?"

"Utakuwa umeshavaa viatu. Chukua ufunguo wa gari uko juu ya friji, nenda."