Kumfuata Msimamizi Wangu Illasit

Niliondoka Kitengela kwa sababu ya simu iliyozimwa. Nina leseni ya kutibu viungo, lakini kliniki niliyofanyia kazi ilitaka mwenye cheti cha ubingwa wa wagonjwa wa kiharusi, la sivyo nafasi yangu ingepewa mwingine. Mtihani nilikuwa nimepita. Kilichobaki ni neno la kunithibitisha kutoka kwa aliyenisimamia miaka yote ya mafunzo, Mwalimu Sironka. Bodi inayotoa cheti hicho ilisema imempigia bila kupata jibu la kueleweka. Mimi nilipopiga, hakupatikana. Alikuwa amestaafu na kurudi kwao Illasit, kwa hiyo nikamfuata.

Asubuhi nilipanda pikapu ya jirani anayeuza vifaranga. Isinya tulipakia makasha, tukakata kuelekea Konza. Mvua ilikuwa imekataa kabisa. Ng'ombe walisimama kando ya barabara, mbavu nje. Kila tuliposimama, jirani alitoa vifaranga waliokufa kwa joto, akawatupa.

Kutoka Emali hadi Kimana nilijipangia maneno ya kumwomba Mwalimu.

Illasit tulifika alasiri, mlima ulio juu ya mji umefunikwa na mawingu. Mke wa Mwalimu, Mama Naserian, alitoka kwenye shamba lake la nyanya kunipokea kwa salamu ya Kimaasai.

"Sopa, Mwende."

"Ipa, mama. Mwalimu yuko?"

Aliniangalia kwanza. "Yuko. Ingia umwone mwenyewe."

Mwalimu aliketi kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umejikunja kifuani, mdomo umeenda upande. Ugonjwa alionifundisha kuutibu ndio uliomshika.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Nikitaja jina lako anatikisa kichwa. Hakutaka umwone hivi."

"Na watu wa bodi walipiga?"

"Walipiga. Nikamshikia simu kwa sikio. Wakamuuliza kama Mwende anaweza hii kazi. Akajaribu, akajaribu, ikatoka kilio tu. Wakakata. Tangu hiyo siku hataki simu iwashwe."

Sikumwomba tena lile neno. Nilipiga magoti nikaushika mkono wake mgonjwa. Kwa ule mzima, akausogeza wangu hadi chini ya bega, akinisahihisha namna ya kushika. Kisha akageuza uso ukutani.

Nilikaa siku mbili. Nilimwonyesha Mama Naserian namna ya kumwinua bila kuuvuta ule mkono. Kusimama Mwalimu alisimama, kidogo tu. Neno halikutoka hata moja.

Nilirudi kwa basi. Bodi ilisema nianze upya usimamizi, chini ya bingwa mwingine. Kliniki haikuningoja.

Kabla ya Illasit nilidhani naujua ugonjwa huu. Kwangu ulikuwa mtu anayeletwa, anafanyishwa mazoezi, anapelekwa nyumbani. Sikuwahi kukaa huko nyumbani jioni, mke akimlisha mumewe uji na kumpangusa kidevu.