Maneno Chini ya Wimbo

Baba yangu alizipima filamu za yule jasusi kwa nyimbo zake. Mfululizo ule ni mkongwe kuliko mimi. Alianza kuutazama akiwa kijana Unguja, na kila filamu mpya ilikuja na wimbo wake wa kufungulia. Wimbo ukiwa hafifu, alikuwa akisema, usijisumbue kukaa mpaka mwisho. Alipohamia Maskati, Omani, alikuja na kanda zake, nyimbo zote zimo, kwa mpangilio wa filamu zilivyotoka. Kiingereza chake cha ofisini kilikuwa safi, lakini maneno ya zile nyimbo aliyaimba kama alivyoyasikia ujanani, na hakukubali kusahihishwa.

Basi niliposikia kwamba wapiga filamu wanakuja Matrah, penye soko la zamani la Maskati, kupiga kipande cha filamu mpya, na wanatafuta wazee wa kukaa kwenye baraza wakati jasusi anapita mbio, nilipeleka picha yake bila kumwambia. Walipomkubali ndipo nikamweleza. Akauliza avae kofia ipi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu, nakaa na wazazi wangu mtaa wa Bausher, na harusi yangu ilikuwa imebakia miezi miwili. Mimi ndiye mtoto wa mwisho. Nilimpeleka kwa gari yangu siku zote mbili za kazi. Njiani aliimba.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa nje ya duka la vitambaa, tasbihi mkononi, na kugeuza shingo jasusi akishapita. Walirudia mara nyingi mno, na kila mara baba aligeuka kama mtu aliyeshtuka kweli. Kumbe aliyekuwa akikimbia si yule mwigizaji mashuhuri. Mwenyewe alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, na mtu mwengine aliyevaa suti kama yake ndiye aliyekuwa akitoka jasho. Niliogopa baba atavunjika moyo.

"Sasa nimefahamu kwa nini hachoki," alinambia, akacheka peke yake.

Walipopumzishwa, alikwenda nyuma ya lori la vyakula, akakaa kwenye kiti cha plastiki kuzungumza na mwanamke aliyekuwa akigawa chai. Niliwaona kwa mbali. Nilijua ni Mkenya kwa sababu asubuhi alinisalimu kwa Kiswahili. Nikafurahi baba kapata wa kuongea naye, nami nikarudi kwenye simu yangu na mambo ya harusi.

Siku ya harusi baba alinioza mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mwembamba ndani ya ule wa mume wangu, na mimi nilidhani ni uchovu wa shughuli. Wiki tano baadaye alilazwa, na siku ya nne akafariki. Daktari alituambia ugonjwa ulikuwa umeshaenea mwili mzima. Watu walipokuja kutupa pole tuliwaambia ilikuwa ghafla, na mimi niliamini hivyo.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Nilikwenda na mama kuitazama. Tulisubiri Matrah ifike, ikafika, jasusi akapita, na kwenye lile baraza ukaonekana mkono wenye tasbihi, basi. Mama aliuliza, "Ndiyo huo?" Nikamwambia ndiyo huo.

Halafu mwalimu mwenzangu akaniletea kwenye simu video fupi waliyoitoa wapiga filamu wenyewe, inayoonyesha jinsi kazi ilivyofanyika: mafundi wa taa, magari yaliyogongwa, mtu wa suti akifungwa bendeji ya goti. Juu ya yote umewekwa wimbo mpya wa filamu. Karibu na mwisho, mwimbaji anapovuta pumzi na ngoma zinashuka, kamera inapita nyuma ya lori. Baba yuko pale na kikombe cha chai, na yule mwanamke ameinama kumsikiliza. Waliotengeneza video bila shaka waliona mzee mwenye sura nzuri tu, hawakujua anasema nini. Nilivaa vidude vya masikioni nikairudisha.

"Daktari kanambia wazi," baba anasema. "Nyumbani hawajui. Nnamngoja huyu wa mwisho aolewe kwanza."

Kisha wimbo unapanda tena na kumfunika.

Nilikuwa kwenye chumba cha walimu. Nilisikiliza mpaka kengele ya kipindi ikalia, na nikaingia darasani nikafundisha. Sikumbuki nilifundisha nini.

Siku mbili nilikaa nayo. Nilifikiri nimfiche mama, kisha nikaona nitakuwa nafanya lile lile nililofanyiwa. Alasiri moja nilikwenda Bausher, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwekea vidude masikioni, nikamshikia simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akavivua, akaniwekea mkononi.

"Mie nilikuwa najua," alisema. "Niliona karatasi za hospitali kwenye gari yake, chini ya kiti. Yeye hakunambia, na mie sikumwambia kwamba nnajua."

"Mama, miezi yote ile?"

"Alitaka aione harusi yako imekaa sawa. Ningemwambia nnajua, angekuwa na kazi ya kunituliza mie."

"Mngenambia ningeiahirisha."

"Ndiyo maana," alisema mama.

Niliondoka bila ya kunywa chai. Nilimkasirikia wiki nzima, na nilimkasirikia baba zaidi, na kumkasirikia mtu aliyekwisha kuzikwa ni jambo gumu, hujui pa kukipeleka hicho kitu. Mume wangu hakuniambia ninyamaze. Alinisikiliza tu, na hilo lilisaidia kidogo.

Mama ndiye aliyepiga simu mwanzo. Hakuzungumzia ugomvi. Alisema anataka kumwona yule mwanamke wa chai.

Nilimpata kupitia mtu aliyemwandikisha baba kazi siku zile. Alikuwa bado yupo Maskati, anapika kwenye mkahawa. Alikuja Bausher Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na mfuko wa machungwa. Alipoingia tu akauliza, "Na mzee yuko?" Hakuwa na habari. Mama alimwambia taratibu, na yeye akakaa kwenye zulia akajifunika uso kwa viganja.

Tulipomaliza kula nikamwonyesha mgeni ile video, kisha nikamuuliza baba alisema nini baada ya wimbo kupanda.

"Aliniuliza swali, dada," alisema. "Aliniambia, wewe ungekuwa binti yangu, ungetaka kuambiwa? Nikamwambia, mzee, mimi ningetaka. Babangu alifariki nikiwa huku. Walinipigia simu wakiwa wameshamzika, eti wasinisumbue kazini. Nikamwambia, mwambie tu binti yako."

"Akajibu nini?"

"Papo hapo wakamwita arudi kwa kamera. Lakini alisema, nitamwambia leo nikirudi, kwenye gari."

Hapo nikakumbuka kitu ambacho mpaka wakati huo hakikuwa na maana yoyote. Siku ile ya pili, tukirudi, baba aliizima kanda. Hakuwa na desturi ya kuizima kabla ya wimbo kwisha. Akasema, "Mwanangu, nnataka kukwambia kitu." Simu yangu ikalia. Alikuwa fundi wa nguo ya harusi, mikono imekuwa mirefu, na mimi nikabishana naye njia nzima mpaka tunaingia mlangoni kwetu. Nilipomaliza nikasema, "Ehe, baba?" Alikuwa ameshafungua mkanda wa kiti.

"Basi," alisema. "Ntakwambia siku nyengine."

Niliwasimulia wote wawili pale pale. Mama aliutazama mkono wangu muda mrefu, kisha akaushika.

"Alijaribu," alisema. "Sikujua kama alijaribu."

Nadhani yeye ndiye aliyepata kitu siku ile. Muda wote huo alikuwa akijiuliza kama alifanya vibaya kunyamaza, na sasa alijua kwamba baba naye hakuwa na uhakika. Mimi nilichopata, ile simu niliyoipokea, ni kizito zaidi na bado ninacho. Sijakitua na wala sijui nitakitua wapi.

Yule mwanamke huja kwetu baadhi ya Ijumaa. Mama humwita mwanangu, naye amezoea.

Mwezi uliopita mama alikwenda kupimwa moyo. Alinipigia kabla hajatoka nje ya kliniki, nikasikia watu wanaitwa kwa zamu nyuma yake. Alinisomea karatasi yote, neno kwa neno, hata yale majina ya dawa asiyoweza kuyatamka, kisha akanisubiri nijibu.