Mama Besi

Bendi ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba pale Shinyanga ilikuwa na tarumbeta, tromboni, ngoma na besi moja. Besi ndilo lile dubwana la shaba linalomzunguka mpigaji mwilini na kutoa mlio mzito, mlio ambao unausikia tumboni kabla haujakufikia masikioni. Mpigaji wake aliacha kazi akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kama walivyofanya wanaume wengi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Besi likabaki limelazwa stoo juu ya magunia, na stoo ndiko nilikofanya kazi, nikishona magunia yaliyopasuka.

Kiongozi wa bendi alikuwa askari mstaafu, mtu mwenye sauti kali na moyo laini. Aliwajaribu wanaume kiwanda kizima. Huyu hana pumzi, yule midomo haishiki, wengine hawakutaka tu kubeba mzigo ule juani. Siku moja aliingia stoo akanikuta nimelipakata lile besi ili nipate kufagia lilipokuwa.

"Umewahi kulipuliza?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Hebu jaribu."

Nikapuliza, ukatoka upepo mtupu. Akanionyesha namna ya kuitetemesha midomo, kama mtoto anayeigiza lori linalopanda mlima. Nikajaribu tena. Safari hii ulitoka mlio, na watu waliokuwa mashineni wakageuka kutazama. Mzee alifurahi utadhani amepata mshahara mara mbili.

Mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori la pamba, alicheka sana nilipomweleza. Kisha akasema, "Kama mzee amekuona unafaa, piga." Baba yangu, mfanyabiashara wa nguo pale mjini na mtu asiyekosa msikitini, aliuliza jambo moja tu: nitavaa nini. Nikamwambia sketi ndefu na ushungi, na kofia ya bendi juu ya ushungi. Akanyamaza. Kwa baba, kunyamaza kulikuwa ruhusa.

Watu wengine hawakunyamaza. Siku ya kwanza tulipopita barabarani, wanawake wa mtaani kwetu walishika midomo. "Tazama mashavu, kama chura!" Wake wa wapigaji wenzangu walikuwa wakimtuma mtu achungulie nimekaa na nani kwenye lori lililotubeba kwenda kupiga. Wenzangu wenyewe, tukitoka mazoezini, walitangulia hatua nyingi ili wasionekane wameongozana nami. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa na sikuwa na mtoto, na kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Basi wakanipa mtoto. Wakaniita Mama Besi. Hata vijana wauza nyanya sokoni walisema, "Shikamoo, Mama Besi," huku wakibana kicheko. Niliitikia marahaba, maana salamu ni salamu.

Lililoniumiza lilisemwa nyumbani kwangu, na shangazi wa mume wangu, huku akinywa chai yangu. "Mwanamke anayepuliza namna ile," alisema, "anausukuma uzazi wote nje. Ndiyo maana hushiki mimba." Mbele yake nilicheka. Alipoondoka kicheko kikaisha. Na mimi nilimtaka mtoto, na ukitaka kitu namna ile unamsikiliza kila mtu.

Muda si mrefu, yule mpigaji wa zamani akarudi kutoka Geita. Shangazi alifurahi kuliko mkewe. "Mwenye chombo karudi," akasema. "Sasa kila mtu arudi mahali pake." Na ili mambo yaishe kabisa, akatuma ujumbe kijijini Didia, kwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, mwenye Kisukuma kingi na Kiswahili cha kutosha. Alishuka kwenye basi Ijumaa. Nikapiga goti, "Shikamoo, mama," akaitikia, akala, akapumzika. Jioni ilipokaribia akafunga khanga yake vizuri na kusema, "Haya, nipeleke nikalione hilo linalokula wajukuu zangu."

Tulifanyia mazoezi uwanjani nyuma ya kiwanda. Shangazi alikwishafika. Yule mpigaji aliyerudi alikuwa ameketi kwenye benchi, amekonda, shingo imebaki mishipa. Kiongozi wa bendi akainuka kumwamkia mama mkwe, naye akapitiliza moja kwa moja hadi lilipo besi. Akalizunguka. Akaligonga kwa vidole, akachungulia ndani ya mdomo wake mpana. Kisha akaketi na kuniambia, "Niwekee hapa."

Nikampakatisha. Akajaza mashavu, akapuliza. Kimya. Akajaza tena, na safari hii ukatoka mlio kama wa ng'ombe anayemwita ndama wake. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yeye mwenyewe, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

"Wifi," akamgeukia shangazi, "mimi nimepuliza moto wa kuni mbichi tangu sijaolewa. Moshi umeniingia mpaka kwenye mifupa. Na bado nimezaa, na huyo mwenye lori ni mwanangu. Hili halina hata moshi."

"Basi mbona huyu hazai?"

"Sijui. Na wewe hujui. Akizaa tutashukuru. Asipozaa ni mwanangu vilevile. Nilimchukua kwao yeye mzima, sikuchukua tumbo peke yake."

Mimi nilitazama chini, maana sikutaka wanaume wale waone uso wangu.

Shangazi hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Hata hivyo, mwenyewe karudi. Apewe chombo chake."

Wote tukamtazama yule mpigaji. Alisimama, akalivaa besi, akapiga mwanzo wa wimbo wetu wa gwaride. Nakiri sikuwahi kulisikia besi likilia vile, mlio wa mviringo, hauna mkwaruzo. Lakini hakufika mbali. Kikohozi kilimshika, akainama, akakohoa mpaka mzee akamshika mabega. Huko machimboni alikuwa akitwanga mawe yenye dhahabu, akilivuta lile vumbi jeupe kutwa.

Alipotulia alinirudishia besi kwa mikono yake. "Kifua changu kimebaki Geita," akasema. "Piga wewe. Ila dada, wewe unapumulia mabegani. Pumua huku chini." Akaonyesha tumbo lake.

Hakuishia hapo. Alichukua ngoma kubwa, akawa anatembea karibu nami kwenye kila gwaride, na nikianza kuishiwa pumzi alinigusa mkono kwa kirungu cha ngoma. Karibu kila ninachokijua kuhusu besi nimekipata kwake. Na wenzangu, walipomwona yeye anatembea nami, nao wakaacha kutangulia.

Sisemi watu wote walibadilika. Tulipokwenda kupiga kwenye harusi moja Kagongwa, mjomba wa bibi harusi alimnong'oneza kiongozi wetu kwamba si vizuri wageni kupokelewa na mwanamke anayevimba mashavu, afadhali nikae nyuma. Mzee akamjibu kwa heshima zote, "Hilo limekwisha, bwana. Atakaa nyuma." Na bendi nzima ikajiuma midomo isicheke, kwa sababu besi hukaa nyuma siku zote.

Mtoto alikuja miaka kadhaa baadaye, wa kike, mmoja tu. Wapo waliosema ni dawa za mama mkwe. Sikubishana nao, nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Lakini ninaposhukuru, kwanza naikumbuka ile Ijumaa, wakati ambapo hapakuwa na mtoto wala dalili yake, na mama yule akasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni wake.

Alikuja tena kunihudumia uzazi. Arobaini ilipokwisha alimfunga mjukuu wake mgongoni, akanitolea sketi yangu ya bendi sandukuni. "Nenda mazoezini," akasema, "midomo isije ikakusahau." Nikamwambia wabeja, mayu, asante mama, kwa Kisukuma changu kibovu cha mjini. Akanisahihisha matamshi, akanisindikiza mpaka mlangoni.