Kiwiko cha Mpima Meno

Mpima meno wa makumbusho yetu akiandika hutanua kiwiko cha kulia mpaka kinatokeza nje ya meza. Mimi ninayefagia chumba kile humgonga, namwomba radhi, naye hutabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Kazi yake ni mataya ya ndugu zetu wa kale kabisa, waliong'ata nyama kwa meno ya mbele, wakaivuta kwa mkono mmoja na kuikata kwa jiwe kwa mkono wa pili. Jiwe likiteleza, lilikwaruza jino. Mikwaruzo ikilalia huku, mkataji alitumia mkono wa kulia. Ikilalia kule, alikuwa mashoto. Kila taya hulipangusa kwa pindo la mtandio, hulitazama kwa kioo cha kukuzia, huguna, "Kulia tena," kisha hulirudisha sandukuni polepole.

Jumatatu hakuguna. "Shikamoo, mashoto," alilinong'onezea taya moja la kahawia. "Umechelewa." Nikaacha kufagia. "Pacha wangu alikuwa mashoto," akaniambia bila kuinua macho. "Darasani tulikaa benchi moja, yeye kulia kwangu. Tukiandika viwiko vinagongana, tunagombana mpaka mwalimu anachoka. Sasa ni miaka kumi na tisa tangu tumzike. Naandika kwa raha zangu." Akashika kalamu, akatanua kiwiko.

Njia ya kupita pale ni pana. Siku hizi nikifika na ufagio wangu namgonga makusudi, wala siombi radhi.