Dirisha la Babu Chini ya Foku

Usiku ule nililala nikiitazama baiskeli. Ilikuwa imeegeshwa ukutani, ndani kabisa ya chumba chetu, kwa sababu mume wangu Lusajo alisema kitu kipya hakilali nje. Kipya. Baiskeli yenyewe inanizidi umri. Ila ilikuwa imepakwa rangi ya bluu inayong'aa, na hapa kwetu Tukuyu, ambako mvua haijui kupumzika na hata msumari wa mlangoni unaota kutu kama ukungu wa mkate, chuma kinachong'aa kinamlevya mtu.

Mimi sikulewa.

Aliyeileta ni Mjomba Ipyana, jioni ile ile. Babu, mzaa mama yangu, alikuwa fundi baiskeli, na mimi nimekulia kwenye banda lake nikimshikia spoku na kumkorogea grisi. Alipofariki, wakubwa walikaa wakagawana. Nikaambiwa mtoto wa kike hafungui karakana. Jiliwa la kubania vyuma, spana, brashi za waya, banda lenyewe, vyote vikaenda kwa Mjomba. Fungu langu likawa baiskeli moja, itakayoletwa ikipatikana nafasi. Nilimeza. Nilimeza kwa kuwa binti yangu Tuma siku moja angeanza chekechea, na chekechea iko chini ya mteremko wa mashamba ya chai, mteremko ambao hata mbuzi anaushuka akifikiri. Baba yake angempakia kwenye keria kila asubuhi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Mjomba aliegesha baiskeli uani, majirani wakasogea. Akasema hiyo ni kazi ya mwisho ya mkono wa mzee. Mzee aliipaka rangi mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza. Yeye Mjomba amefuta vumbi tu.

Nikainama kunusa. Babu tumemzika, mgomba tuliopanda karibu na kaburi lake umeshatoa mkungu, na rangi yake bado inanuka kama imetoka kwenye kopo asubuhi? Nikafungua mdomo niulize. Lusajo akanikanyaga kidole cha mguu. Ikabidi niseme asante, Mjomba, na magoti nikapiga, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Tulipobaki wenyewe Lusajo aliniambia nisimvue mjomba wangu nguo. Ilifunikwa nailoni, alisema, ndiyo maana harufu haijatoka. Na tena, mtu akupe kitu mbele za watu halafu wewe ukikague kama polisi? Nikanyamaza. Mtu asidhani kunyamaza kwangu ni kukubali.

Basi nikalala na hasira hiyo, Tuma kifuani, sare yake mpya imetundikwa juu ya usukani.

Sijui nilisinzia saa ngapi. Nilijikuta nimesimama kwenye banda la Babu. Mabati yanavuja palepale yalipokuwa yanavuja. Kopo la oili chafu lipo chini ya benchi, na lile tambara lake, kipande cha khanga ya marehemu bibi, limelala juu ya kopo. Babu ameketi kwenye kigoda ananipa mgongo. Anafuta kitu. Namwambia shikamoo. Haitiki.

Nilikasirika kwanza, kabla sijaogopa. Nikazunguka mbele yake. Uso ni wake, ile sharubu iliyoungua upande mmoja kwa jiko la kuchomelea ni yake. Lakini mikono. Mikono ilikuwa safi. Kucha nyeupe, viganja kama vya karani. Babu sikuwahi kumwona na mikono safi hata siku ya Krismasi. Alikuwa akishika Biblia, kurasa zinabaki na alama za vidole vyake. Nikajiambia huyu si Babu. Huyu ni kitu kimevaa sura ya Babu.

Wakubwa wanatuambia marehemu akija ndotoni usipokee chakula chake, na akikuita usimfuate. Nikasimama mbali, nikakunja mikono, nikamtazama kama ninavyomtazama mtu anayeniuzia samaki waliolazwa.

Akainua macho. "Mke wangu," akasema. "Umenuna."

Ndivyo alivyokuwa ananiita tangu nikinyonya, utani wa babu na mjukuu, na mimi nilikuwa namjibu kwamba simtaki, ni mzee, hana meno. Safari hii nikauliza, "Umefuata nini?"

Naangalia tena, banda si banda, ni chumba chetu. Sare ya Tuma ipo, na Babu amekaa ukingoni mwa kitanda changu, na Tuma yupo mapajani mwake. Tuma amevaa viatu vya shule. Anacheka. Anamshika sharubu mtu ambaye hamjui, kwa sababu Babu alikufa yeye akiwa bado anatambaa.

Hapo damu ilinichemka. Niliruka, nikamshika mtoto mkono, nikavuta. Babu hakuvutana na mimi. Alimwachia, Tuma akawa mwepesi kama pamba mikononi mwangu, na nikamwambia yule mzee maneno ambayo nikiwa macho siwezi kumwambia mtu wa rika lake. Nilimwambia kama amekuja kuchukua, achukue wanaume waliogawana vitu vyake, mtoto wangu amwache.

"Simchukui," Babu akasema. "Wanaompeleka ni nyie."

Kisha akaipindua baiskeli. Akaisimamisha kwa tandiko na usukani, magurudumu juu, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya maisha yake. Akalizungusha gurudumu la mbele. Likalia. Siyo kelele ya gololi zilizokaukiwa grisi, hiyo naijua, hiyo inakoroma. Hili lilikuwa linatafuna, kama mtu anayetafuna mchanga mdomo umefungwa.

"Dirisha langu liko wapi, mke wangu?"

Nikasema dirisha gani, dirisha lile pale ukutani. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi. Halafu nikakumbuka. Jamani, nikakumbuka.

Babu hakuwahi kupaka rangi baiskeli nzima. Kwanza alikuwa anakwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, anapiga msasa, anafuta kwa mafuta ya taa, anapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo anapaka rangi ya kupendeza. Lakini kwenye foku, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, upande wa ndani, alikuwa anaacha sehemu ndogo ya kutosha kidole gumba bila rangi yoyote. Hapo anapaka grisi tu, nzito, kuzuia maji. Aliliita dirisha. Mteja akija alikuwa anamwambia: futa hapo, uone mwenyewe unachopanda. Mafundi wengine walimcheka, wakasema mzee kaishiwa rangi. Yeye alijibu kwamba chuma kinachokataa kuonekana kina neno. Mimi ndiye niliyekuwa napaka grisi kwenye madirisha hayo, maana kidole changu kilikuwa kidogo, kilipenya.

Nikapitisha gumba ndani ya foku. Laini. Nikapitisha upande wa pili. Laini. Rangi imeingia kila mahali, imepakwa vizuri, kwa bidii, mtu amepiga magoti akaifikisha hadi mahali ambapo jicho halifiki. Imepakwa vizuri kuliko ya Babu.

"Huu mkono si wako," nikasema.

Babu alichukua lile tambara la khanga ya bibi, akalichovya kwenye mafuta ya taa, akafuta mara moja. Rangi ikatoka nzima, kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Chini yake chuma hakikuwepo. Kilikuwepo kitu chekundu, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na alipokigusa kilianza kumwagika. Kinamwagika kama unga kinuni. Kinajaa sakafuni, kinapanda miguu ya kitanda, kinaingia kwenye viatu vya Tuma, na mikono ya Babu sasa imechafuka, kucha zimekuwa nyekundu na nyeusi, mikono ninayoijua. Nikatamani kulia kwa kuiona tu.

"Kutu haifi kwa kufunikwa," akasema. "Inakula vizuri zaidi gizani."

Nataka kumuuliza kama Mjomba alijua. Hilo ndilo nilitaka. Alijua akapaka ili nisione, au ni mvivu tu, aliona kazi ya kukwangua ni ndefu? Lakini chumba kimeshakuwa mteremko wa chai. Ukungu. Nasikia kengele ya baiskeli inashuka, nasikia Tuma anaimba wimbo wa shule aliofundishwa na watoto wa jirani, na Lusajo anamwambia shika vizuri. Nakimbia. Miguu inazama kwenye ule unga mwekundu. Naita jina la mwanangu, sauti haitoki. Lile gurudumu linatafuna, linatafuna, halafu likanyamaza.

Babu akaniambia sikioni, karibu kabisa, pumzi yake inanuka grisi: "Usione haya. Kwangua."

Nikaamka.

Tuma hakuwa kifuani pangu. Ukuta ulikuwa mtupu. Sijui nilitokaje mlangoni. Nakumbuka ubaridi wa udongo miguuni. Kulikuwa kumekucha, manyunyu yanaanguka. Lusajo alikuwa uani ameishika baiskeli, na Tuma yuko juu ya keria na sare yake, ameshakunywa uji. Lusajo akasema ameona nimechoka, ameniacha nilale.

Nilimshusha mtoto. Nikaipindua baiskeli magurudumu juu, nikiwa na khanga moja tu kifuani, jirani anachungulia, achungulie. Nikapitisha gumba ndani ya foku, upande huu, upande ule.

Laini kote.

Nikaingia jikoni nikatoka na kisu cha kumenyea ndizi. Lusajo akasema, "Mama Tuma, hiyo ni rangi ya marehemu." Nikamwambia marehemu ndiye aliyenituma. Nikakwangua. Bluu ikabanduka, hakukuwa na ile rangi nyekundu chini yake, hakukuwa na alama ya msasa, na ncha ya kisu ikazama kwenye chuma kama kwenye ndizi mbivu. Ikatokea upande wa pili.

Lusajo aliangalia ile ncha. Kisha akaangalia mteremko. Akambeba Tuma begani.

Sasa hivi wao wanashuka kwa miguu. Mimi navaa. Foku nimeichomoa kwa spana ya kuazima kwa jirani, nimeifunga kwenye kipande cha khanga. Nitafika bandani, nitapiga magoti, nitasema shikamoo Mjomba, na nitangoja aitike. Halafu nitaiweka kwenye jiliwa lake, mbele ya wateja wake wote, nimuulize dirisha la baba yake liko wapi.