Nyumba Iliyofichwa na Maboga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mji mzima wa Tabora ulifunika vyungu kwa sababu ya ndege. Ilivumishwa kwamba ndege ile ya serikali, iliyokuja kupiga picha za ramani, ina jicho linaloona hata kama chumvi imezidi kwenye mboga. Usicheke. Mimi niliyehitimu masomo ya jioni, niliyeona kichwa changu kinatosha kuvuta treni mpaka Kigoma bila makaa, ndiye niliyefunika chungu cha kwanza.

Baadaye nikateuliwa mjumbe wa kamati ya kupanga mji, kama wewe leo. Nikajiandaa! Siku tatu nimeinamia ramani, hata mke wangu akanikaribisha chakula kama mgeni. Lakini kupanda baiskeli nusu saa nikaitazame ardhi yenyewe, sikwenda. Ya nini, na ndege imekwisha ona kila kitu?

Kikaoni, Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, aliweka kidole kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji. Alitaka kuinyoosha.

"Nani anapajua hapa?"

Nikasimama kabla hajafunga kinywa. "Mimi, Bwana. Ni maboga matupu. Hakai mtu."

Kesho yake nikatumwa pamoja na nyapara na vibarua wawili tukapigilie vigingi vya chuma. Tulifuata mstari wa ramani, tukashuka kilima kwa nyuma. Maboga tukayakuta kweli, makubwa kama ngoma za harusi, yametanda mpaka huwezi kuona udongo. Kibarua akainua nyundo, akapiga. Kigingi kikazama kama kwenye ugali. Akapiga tena.

"Mjumbe," nyapara akasema taratibu, "haya maboga yanafuka moshi."

Chini ya miguu yetu mtoto akalia.

Mwanangu, nimewahi kukutana na chui njia ya Sikonge, lakini hata yeye hakunikimbiza hivi. Tulikuwa tumesimama juu ya tembe, nyumba ya kuta nene na paa bapa la udongo, iliyoegemea kilima. Masika yale maboga yalipanda yakaifunika yote. Nikateremka mbio mpaka mlangoni. Bi Mwajuma, mjane aliyerithi nyumba ile kwa baba yake, mpagazi wa misafara ya pwani, alikuwa amemkumbatia mjukuu wa siku tisa. Ncha ya kigingi ilikuwa imetokeza juu ya kitanda, na udongo umemwagika pale pale alipokuwa amelazwa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyundo ni yako?"

Nilirudi bomani. Nikisema nilidanganya, ujumbe wangu wa kamati umekwisha; nikinyamaza, nyumba imekwisha. Bwana Shauri alikwisha shika kalamu aidhinishe barabara.

"Bwana, pale sikuwahi kufika," nikasema. "Pana nyumba, na watu wamo."

Aliweka kalamu chini, akatafuta kifutio mezani. Kisha akaufuta mstari. Mpaka leo barabara inapinda pale, na madereva wanailaani bila kujua wanamlaani nani.

Nikaenda kwa Bi Mwajuma kifua mbele. "Mama, ile ndege ilitudanganya sote."

Alikuwa anakata boga. Hata uso hakuinua. "Ndege haikudanganya, baba. Iliona maboga, na maboga yapo. Aliyesema hakai mtu ni wewe."

Basi, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ramani isome, lakini kabla hujainua mkono kikaoni, nenda ukabishe hodi, tena kwa mlango wa mbele, ujue aliye ndani anaitwa nani. Na pale usipofika, usione haya kusema hukufika. Aibu hiyo huisha jioni, nyumba ya mtu haioti tena kama boga. Mungu akujalie miguu isiyochoka, na kila utakapopita, wenyeji waitikie salamu yako kwa jina.