Fenesi la Siku ya Mavuno

Mimi ni mtu wa hasira, sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Miezi tisa nilikaa kwenye mabenchi ya washarika kanisani kwetu Kongowe, nikiisikiliza kwaya niliyoiimbia sauti ya pili tangu usichana wangu. Kisa ni vitenge. Mwanakwaya mwenzangu wa sauti ya pili, mtunza sare wetu, alisimama kwenye mazoezi akasema doti mbili za sare mpya zimepotea, na wa mwisho kuingia stoo ni mimi. Niliapa, nikalia, haikusaidia. Viongozi wakanisimamisha mpaka ukweli ujulikane.

Ukweli niliukuta kwa fundi cherehani, mtaa wa Kwa Mathias. Nilimpelekea gauni la kupunguza, akanitolea mfuko.

"Dada, hivi vitenge vya kwaya yenu vitakaa hapa mpaka lini? Mtunza sare wenu aliviacha mwenyewe akasahau. Nilimkumbusha tangu Pasaka, akasema atavifuata."

Tangu Pasaka! Alijua, akanyamaza, akaniacha niitwe mwizi. Nikauchukua ule mfuko. Nikasema moyoni, yeye kamwaga ugali, mimi namwaga mboga. Nilisubiri Sikukuu ya Mavuno, washarika wote wawepo, nivianike vile vitenge mbele yao.

Siku moja kabla nilikwenda Chole, Kisarawe, kwa mama yangu, kuchukua sadaka ya mavuno. Nilimweleza mpango wangu kwa raha zote. Yeye aliendelea kuangua mafenesi. Akachagua kubwa kuliko yote, akanitwisha.

"Utajua mwenyewe, mwanangu. Ila hili lifike zima."

Kwetu, baada ya ibada ya mavuno, mazao yaliyotolewa hunadiwa nje ya kanisa, na anayenunua anaweza kumzawadia amtakaye. Hapo ndipo vicheko vilipo. Nilisimama na mfuko mkononi, nikimtafuta mbaya wangu kwa macho. Alikuwa ukutani, peke yake, na alishautambua mfuko wa fundi. Alijikumbatia kifuani kama mtu mwenye homa. Nikaujua uoga ule. Ndio ulionishika mimi siku ile ya mazoezi, macho yote yakiwa usoni kwangu. Hasira ilikuwepo bado, siwadanganyi, lakini sikutaka binadamu mwingine auonje uoga ule kwa mkono wangu. Nikautia mfuko kwenye mkoba. Ningempelekea nyumbani kwake, kimya kimya.

Mnadishaji akalinyanyua fenesi la mama. Nikapaza sauti kutaja bei. Watu wakacheka: "Jamani, anagombea fenesi la kwao!" Nikapandisha tena mpaka wengine wakaacha.

"Limekwenda! Tulipeleke wapi, dada?"

"Mpeni yule dada pale ukutani. Mwambieni limetoka kwa mwenzake wa sauti ya pili."

Kicheko kikakatika. Wakampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, utomvu ukamchafulia gauni, wala hakujali. Nilidhani ataondoka. Badala yake alitembea na fenesi lake mpaka kwa mnadishaji, akaomba kipaza sauti.

"Vitenge nilivisahau mimi kwa fundi," alisema. "Nilijua, nikaona aibu kusema. Dada yangu hakuiba kitu. Nisameheni, jamani. Dada, nisamehe."

Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile. Mwalimu wa kwaya hakungoja kikao cha mtu yeyote; alininyooshea mkono tu, na wanakwaya wakasogea kuniachia nafasi. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno, na nashangaa mpaka leo kwamba nilipata ushindi mchana kweupe bila kumwaibisha mtu. Tukaanza wimbo wa mavuno. Niliimba kwa kifua chote, naye ubavuni kwangu analia, anakosea maneno, nami nimemshika mkono, namrudisha kwenye wimbo.